Kampuni Nzuri, Bei Ghali: Ushauri kwa Anayenunua Hisa za Teknolojia

Tarehe 9 Juni 2008 hisa za kampuni ya simu ya Safaricom zilianza kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Serikali ya Kenya ilikuwa imeuza hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila moja. Wananchi walizichangamkia mno. Wanahisa walipindukia laki nane, wengi wao hawakuwa wamewahi kununua hisa maishani, na wapo waliokopa benki ili wasipitwe. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, kwa hiyo waombaji walipewa sehemu tu ya walichotaka na kurudishiwa fedha iliyobaki. Siku za mwanzo bei ilivuka shilingi 7. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3.

Aliyekopa akajikuta analipa riba kwa ajili ya hisa iliyopoteza zaidi ya theluthi ya bei yake, na hata ile fedha aliyorudishiwa ilikuwa imeshamtoza riba kabla ya kumfikia. Wako waliouza kwa hasara na kuapa kutogusa soko la hisa tena. Bei ilipanda, ikashuka tena, na mwishoni mwa mwaka 2011 ilikuwa karibu na shilingi 3. Mambo yalianza kubadilika kweli mwaka 2013. Mwaka 2018 bei ilivuka shilingi 30, na Agosti 2021 ilikuwa imepita 40. Aliyenunua kwa shilingi 5 na kutulia alikuwa na mali iliyoongezeka mara nane, mbali na gawio alilokuwa akipokea.

Yupo pia aliyenunua Agosti 2021, baada ya kusikia habari njema za huyo wa kwanza. Alinunua kampuni ileile, yenye huduma ileile ya fedha ya M-Pesa na mamilioni yaleyale ya wateja. Kabla ya mwaka 2023 kwisha, hisa aliyoilipia zaidi ya shilingi 40 ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 15.

Ukimwambia mtu huyu wa pili awe na subira, umempa ushauri nusu. Kampuni ni nzuri, lakini kuna jambo hakulipima siku ya kununua, nalo ni matarajio yaliyokuwa yamekwisha kuingizwa katika bei. Ushauri wangu wote katika makala haya unasimama hapo. Subira ina malipo pale tu ulipolipa bei ambayo biashara yenyewe inaweza kuifikia katika muda ulionao.

Bei ya hisa ni utabiri

Anayenunua hisa ananunua haki ya kupata sehemu ya faida za kampuni kwa miaka ijayo. Kwa hiyo bei ya leo ni jumla ya makisio ya wanunuzi na wauzaji wote kuhusu faida hizo. Kampuni inayotarajiwa kukua pole pole huuzwa kwa bei ndogo ukilinganisha na faida yake, na kampuni inayotarajiwa kukua kwa kasi huuzwa kwa bei kubwa. Kipimo kinachotumika zaidi ni uwiano wa bei na faida: chukua bei ya hisa moja, igawe kwa faida ya mwaka inayoiangukia hisa hiyo moja. Ukipata 10, soko linalipa shilingi 10 kwa kila shilingi 1 ya faida ya mwaka. Ukipata 50, linalipa 50.

Tufanye hesabu ya mfano. Hisa inauzwa shilingi 1,000 na faida yake ni shilingi 20, kwa hiyo uwiano ni 50. Unainunua kwa kuwa unaamini kampuni itakua, na kweli inakua. Faida inaongezeka kwa asilimia 20 kila mwaka kwa miaka mitano mfululizo, jambo ambalo kampuni chache huliweza. Mwisho wa mwaka wa tano faida ya hisa moja imefika karibu shilingi 50. Kufikia hapo kampuni imekuwa kubwa, imeanza kukua kwa mwendo wa kawaida, na soko sasa linalipa mara 20 tu ya faida. Zidisha 20 kwa 50. Bei ni shilingi 1,000, ileile uliyonunulia. Ulikisia sawasawa kuhusu kampuni, ukavumilia miaka mitano, na hukupata kitu, huku bei za unga, mafuta na karo zikiwa zimepanda. Aliyeweka fedha yake katika hatifungani za serikali muda huo wote amekupita kwa mbali.

Turudi kwa Safaricom tuone hesabu hiyo katika maisha halisi. Mwaka 2008 kampuni yote, kwa shilingi 5 kwa hisa, ilithaminiwa shilingi bilioni 200, na faida yake ya mwaka baada ya kodi ilikuwa karibu bilioni 14. Uwiano ulikuwa takriban 14. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 faida ilikuwa karibu bilioni 69, yaani imekua takriban mara tano, ilhali bei ilikuwa imekua mara nane. Hiyo tofauti kati ya mara tano na mara nane haikutokana na faida iliyokwisha kupatikana. Ilikuwa matarajio kwamba makubwa zaidi yanakuja, hasa kutoka Ethiopia, ambako Safaricom ilikuwa imepata leseni mwaka huo wa 2021.

Kisha gharama za kujenga mtandao Ethiopia zikaanza kuonekana katika hesabu, riba zikapanda Marekani mwaka 2022, na wawekezaji wa kigeni wakaondoa fedha zao Nairobi. Faida ya kampuni ilipungua, lakini haikupungua kwa theluthi mbili kama ilivyopungua bei. Kilichoporomoka zaidi ni matarajio.

Hii ndiyo sababu watu hushangaa kuona kampuni ikitangaza matokeo mazuri na hisa yake ikishuka siku hiyohiyo. Agosti 2024 kampuni ya Nvidia ya Marekani, inayobuni vichakato vinavyotumika kuendesha akili unde, ilitangaza mauzo ya dola bilioni 30 katika miezi mitatu, zaidi ya mara mbili ya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Siku iliyofuata hisa yake ilishuka kwa zaidi ya asilimia 6. Soko lilikuwa limekwisha kulipia ukuaji huo na zaidi yake, kwa hiyo habari nzuri haikuwa na cha kuongeza.

Kabla ya kununua, basi, usiishie kuuliza kama kampuni itakua. Uliza pia ni ukuaji kiasi gani umekwisha kulipiwa katika bei ya leo. Swali la kwanza hujibiwa na kila mtu mtaani. La pili linahitaji karatasi na kalamu, na ndilo linaloamua kama utapata au utapoteza.

Miaka ya kusubiri inaweza kuwa mingi

Somo kubwa la historia katika jambo hili lilitolewa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 intaneti ilikuwa mpya, na kila mtu aliona kwamba itabadilisha dunia. Waliona sawa. Hata hivyo, kielezo cha soko la Nasdaq, kilichofika kilele chake Machi 2000, kilipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake kufikia Oktoba 2002. Kilihitaji hadi mwaka 2015 kurudi pale kilipokuwa. Wazo lilikuwa sahihi na bei haikuwa sahihi.

Cisco ilitengeneza mitambo inayosafirisha data za intaneti, na kwa muda mfupi Machi 2000 ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Hisa yake ilifika dola 80, na uwiano wake wa bei na faida ulipita 100. Mauzo yake ya mwaka huo wa fedha yalikuwa karibu dola bilioni 19. Miaka 10 baadaye yalikuwa bilioni 40. Mauzo yalikua zaidi ya mara mbili, kampuni ilikuwa ikipata faida nono, na bado hisa iliuzwa kwa theluthi moja hivi ya bei ya kilele. Iliwachukua walionunua pale juu zaidi ya miaka 20 kuiona bei hiyo tena. Mtu aliyenunua akiwa na umri wa miaka 40, akitegemea hisa hizo zimsomeshe mwanawe chuo kikuu, alifika umri wa kustaafu akisubiri.

Microsoft nayo ilipata faida ya dola bilioni 9.4 katika mwaka wa fedha wa 2000 na karibu bilioni 22 mwaka 2013. Faida iliongezeka zaidi ya mara mbili, na hisa ilikuwa bado haijafikia bei ya Desemba 1999.

Amazon ndiyo inayotajwa zaidi na wanaohimiza uvumilivu, na ni haki kuitaja, ila inafaa kuieleza yote. Ilianza kuuza hisa kwa umma Mei 1997. Desemba 1999 hisa moja ilipita dola 100. Msimu wa vuli wa mwaka 2001 ilikuwa chini ya dola 6. Katika kipindi hichohicho mauzo yake yalipanda kutoka dola bilioni 1.6 mwaka 1999 hadi bilioni 3.1 mwaka 2001, na mwaka 2003 ikapata faida kwa mwaka mzima kwa mara ya kwanza. Bei ilirudi kwenye kiwango cha mwaka 1999 baada ya miaka 10. Walioendelea kushikilia baada ya hapo walitajirika.

Wanaosimulia habari za Amazon husahau kampuni zilizoanza pamoja nayo. Pets.com, iliyouza chakula cha mbwa na paka mtandaoni, iliingia sokoni Februari 2000 na kufungwa Novemba mwaka uleule. Waliokuwa na hisa zake nao walikuwa tayari kusubiri. Subira yao ilikosa kampuni.

Angalia pia hesabu ya kurudi. Hisa iliyoshuka kwa asilimia 50 inahitaji kupanda kwa asilimia 100 ili ifike ilikotoka. Iliyoshuka kwa asilimia 80 inahitaji kuongezeka mara tano. Iliyoshuka kwa asilimia 90 inahitaji kuongezeka mara 10. Ndiyo maana bei uliyolipa mwanzoni ina uzito kuliko ushujaa wa kuvumilia baadaye.

Kwa nini teknolojia huchelewa kulipa

Ahadi ya teknolojia huenda mbio, lakini fedha yake hufika taratibu, na sababu zake zinafahamika. Mitambo hujengwa kabla ya wateja kuja, kwa hiyo gharama hutangulia mapato. Watu hubadili mazoea yao polepole. Wapinzani huona faida ilipo na kuja kuigawana kwa kupunguza bei, kama ilivyotokea Kenya mwaka 2010 gharama za kupiga simu ziliposhuka ghafla. Wateja walifurahi, na wanahisa wa Safaricom waliumia kwa miaka miwili iliyofuata. Serikali nayo huja na kanuni na kodi ambazo hazikuwamo katika makisio ya awali.

Mfano wa hili la mwisho tunao Tanzania. Sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, na Agosti 2017 Vodacom Tanzania ikaingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam baada ya kukusanya shilingi bilioni 476, kwa bei ya shilingi 850 kwa hisa. Wengi walionunua walikuwa na picha ya Safaricom kichwani. Walifikiri historia ya Nairobi itajirudia Dar es Salaam. Lakini mazingira hayakuwa sawa. Safaricom ilitawala soko la Kenya kwa wateja na kwa huduma za fedha, ilhali Tanzania ina mitandao kadhaa yenye nguvu inayopigania wateja walewale. Kisha yakaja masharti ya kusajili laini kwa alama za vidole, yaliyozima laini za wateja wengi mwaka 2020, na Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu, zilizofanya watu wapunguze kutumiana fedha. Kampuni iliingia katika hasara, gawio likakauka, na kwa miaka kadhaa hisa ikabaki chini ya shilingi 850.

Sisemi kwamba aliyenunua alikosea kuiamini kampuni. Alikosea iwapo aliazima matarajio ya soko jingine bila kuuliza ni nini kiliifanya Safaricom iwe Safaricom. Kila kampuni ya teknolojia ina mpinzani wake, mdhibiti wake na wateja wake, na hayo ndiyo ya kuchunguza.

Lipo jambo jingine katika masoko yetu. Bei unayoisoma kwenye simu ni ya muamala wa mwisho, na kwa baadhi ya hisa miamala ni michache. Unaweza kutaka kuuza leo kwa bei hiyo na ukakaa siku nyingi bila kupata mnunuzi. Anayenunua hisa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi anapaswa kuhesabu muda wa kuuza kama sehemu ya muda wa kusubiri.

Pale subira inapokosa msingi

Jumia ilianzishwa Lagos mwaka 2012, ikasambaa katika nchi nyingi za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania. Ilifanya biashara ya mtandaoni katika bara lenye vijana wengi na simu nyingi, na habari yake ilivutia. Aprili 2019 iliingia katika Soko la Hisa la New York kwa dola 14.50 kwa hisa. Wiki chache tu baadaye bei ilipita dola 45. Novemba mwaka huohuo ilifunga shughuli zake Tanzania. Machi 2020 hisa ilikuwa chini ya dola 3, Februari 2021 ikapita dola 60, na mwaka 2022 ikaanguka tena chini ya dola 5.

Katika miaka yote hiyo kampuni haikuwahi kumaliza mwaka ikiwa na faida. Ilikuwa ikitumia fedha nyingi kuliko ilizoingiza, na pengo lilizibwa kwa kuuza hisa mpya. Kila hisa mpya ikiuzwa, sehemu yako ya kampuni hupungua hata kama hukuuza hata moja. Kupanda na kushuka kwa bei kulifuata hisia za wanunuzi duniani kuliko mauzo ya pale Nairobi au Lagos.

Mvumilivu hula mbivu, lakini lazima mti uwe umezaa. Kwa hiyo kabla ya kujiambia kwamba unasubiri, tazama mambo haya katika taarifa za fedha za kampuni. Je, mauzo yanaongezeka mwaka hadi mwaka? Je, hasara inapungua kadiri mauzo yanavyokua, au inakua pamoja nayo? Fedha iliyopo benki itaiendesha kampuni kwa muda gani ikiendelea kutumia kama inavyotumia sasa? Je, idadi ya hisa inaongezeka kila mwaka? Wateja hurudi kununua bila kuvutwa kwa punguzo?

Majibu yakiwa mazuri na bei imeshuka, una sababu ya kukaa, pengine hata ya kuongeza. Majibu yakiwa mabaya miaka miwili au mitatu mfululizo, kuendelea kushikilia kwa kuwa tu ulinunua kwa bei kubwa ni kujiumiza. Soko halijui ulinunua kwa bei gani, wala halina deni la kukurudishia. Swali la haki la kujiuliza ni hili: kama leo ningekuwa na fedha taslimu badala ya hisa hizi, ningezinunua? Kama hapana, uza, hata kwa hasara, na upeleke fedha mahali penye matumaini zaidi.

Fedha ya kusubiria

Mara nyingi hali ya mfukoni ndiyo inayomaliza subira ya mtu. Anajua kampuni ni nzuri, lakini shule zinafunguliwa, mama yuko hospitali, mwenye nyumba anagonga mlango. Analazimika kuuza siku mbaya kuliko zote. Kwa hiyo maandalizi ya subira huanza kabla ya kununua.

Kwanza, weka akiba ya dharura inayoweza kukutunza miezi kadhaa, katika akaunti au mfuko unaoweza kutoa fedha haraka. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS kwa Tanzania na mifuko ya soko la fedha kwa Kenya, inafaa kazi hiyo. Fedha ya karo ya mwakani, kodi ya nyumba au mtaji wa duka haina kazi katika hisa za teknolojia. Peleka huko fedha ambayo hutaihitaji kwa miaka mitano au zaidi.

Pili, usikope ili kununua hisa. Riba ya mkopo haina subira. Inakuja kila mwezi, hisa ipande au ishuke, na ndiyo iliyowafanya baadhi ya wale wa mwaka 2008 wauze wakati wa kukaa.

Tatu, usinunue zote kwa siku moja. Ikiwa umetenga shilingi milioni 1 na laki 2, nunua za laki 1 kila mwezi kwa mwaka mzima. Bei ikishuka, laki yako itapata hisa nyingi zaidi. Ikipanda, utakuwa umeshaingia kwa sehemu. Njia hii haikuhakikishii faida, ila inakukinga na balaa la kuweka kila kitu siku ya kilele.

Nne, usiruhusu kampuni moja ibebe mustakabali wako. Hisa za teknolojia ziwe sehemu tu ya mali yako, kando ya hatifungani, hisa za benki au viwanda zinazolipa gawio, na vitu vingine unavyovielewa. Ukiwa na gawio na riba zinazoingia kutoka kwingine, utaweza kuipa kampuni changa miaka inayohitaji bila kukosa usingizi.

Tano, kwa wanaonunua hisa za Marekani kupitia simu, na kwa ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani au Ghuba wanaowekeza kwa niaba ya familia nyumbani, kumbukeni sarafu. Dola ikipanda au ikishuka dhidi ya shilingi, faida yako hubadilika hata kama hisa haijatikisika. Hesabu pia ada ya dalali, ada ya kuhamisha fedha na kodi ya gawio.

Sita, hakikisha dalali ana leseni. Tanzania, uliza Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kenya na Uganda, uliza mamlaka za masoko ya mitaji za huko. Anayekuahidi faida ya uhakika kila wiki kwa sababu ana teknolojia mpya ya kununua na kuuza anakutapeli. Hisa za kweli hazina ahadi hiyo, na ukitoa fedha yako kwake hakuna subira itakayoirudisha.

Namna ya kufuatilia bila kuchoka

Siku unayonunua, andika kwenye daftari kwa nini umenunua. Andika unatarajia mauzo na faida vifike wapi baada ya miaka mitatu, na ni jambo gani likitokea litakuonyesha kwamba ulikosea. Andika pia uwiano wa bei na faida wa siku hiyo, kama kampuni ina faida. Ukurasa mmoja unatosha.

Baada ya hapo acha kuangalia bei kila asubuhi. Bei ya siku haikuelezi lolote kuhusu kampuni, inakueleza hali ya wanunuzi siku ile. Soma taarifa za fedha zinapotoka, mara mbili au mara nne kwa mwaka kutegemea soko, na taarifa ya mwaka mzima. Hudhuria mkutano mkuu wa wanahisa, ambao siku hizi kampuni nyingi huuendesha mtandaoni, na uulize maswali. Ni haki yako hata ukiwa na hisa 100. Kisha rudi kwenye daftari ulinganishe kilichotokea na ulichoandika.

Kampuni ikitimiza ulichoandika na bei bado iko chini, tulia. Kampuni ikitimiza na bei ikapaa hadi ambapo hata wewe unayeipenda huoni itawezaje kuhalalisha uwiano wake, si dhambi kuuza sehemu. Aliyeuza nusu ya hisa zake za Safaricom mwaka 2021 kwa sababu hiyo hakuisaliti kampuni. Aliheshimu hesabu. Na kampuni ikishindwa yale uliyoandika, ondoka bila kujitungia sababu mpya za kubaki.

Ndugu msomaji, zama hizi za akili unde zitaleta kampuni nyingi zenye ahadi kubwa, na baadhi zitaitimiza. Vijana wetu watazinunua kwa simu zao, kwa fedha waliyoitafuta kwa jasho. Nawasihi wasinunue kwa sababu jirani amepata, wala wasiuze kwa sababu jirani ameogopa. Jueni mnalipa kiasi gani kwa kila shilingi ya faida, jueni ni matarajio gani yamo ndani ya bei hiyo, na wekeni fedha ambayo inaweza kungoja. Asiyeweza kujibu maswali hayo kuhusu hisa fulani, asiinunue leo. Soko litafunguliwa tena kesho.